Mikono Isiyosikia Moto

Kwa miaka mingi mke wangu alikuwa mpishi wa watu wote wa upande wetu wa Kilungu. Harusi, matanga, mchango wa kanisa, mkutano wa ukoo, popote palipowekwa mafiga ya sufuria kubwa ndiye aliyeitwa. Muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, watu waliufuata hata kwenye matanga ya mtu wasiyemjua. Na walipenda kumtazama akipika, kwa sababu aliepua sufuria kwa mikono mitupu. Hakutaka kitambaa wala jani la mgomba. Wanawake wa kikundi cha kanisa walimwita Mikono ya Chuma. Mimi nina kinu cha kusaga unga pale njia panda, na mara nyingi nilijisifu kwa wateja wangu: "Yule wangu, hata jiko linamwogopa."

Hatukujua kwamba tulikuwa tukisifu ugonjwa.

Siku moja alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua maharagwe. Nikaona kiganja chake cha kulia kina lengelenge kubwa limepasuka, na maganda ya maharagwe yamegandia kwenye nyama mbichi.

"Hii imeanza lini?" nikamwuliza.

"Ipi?"

Akakigeuza kiganja na kukitazama kama kitu alichookota njiani. Hakuwa na habari.

Tulishuka hadi zahanati. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alikikagua kiganja, kisha akamtaka mke wangu avue sweta. Nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, palikuwa na baka lililopauka kuliko ngozi yake, upana wa kifuniko cha birika. Nilikuwa nimeliona siku nyingi nikadhani ni choa. Muuguzi akachukua pamba, akaisokota ncha.

"Mama, funga macho. Nikikugusa, niambie."

Mke wangu akafumba macho. Muuguzi akagusa lile baka mara moja. Akagusa tena. Akagusa mara ya tatu. Mimi niliona kila mguso. Mke wangu alikuwa ametulia tu, uso ameuinua kidogo, akingoja.

"Umeanza?" akauliza.

Muuguzi aliweka pamba chini, akaandika barua ya kutupeleka hospitali kubwa.

Huko walimkata kipande kidogo cha ngozi, wakatwambia turudi. Tuliporudi, daktari alikuwa kijana mwenye haraka, lakini siku hiyo alifunga mlango na kuketi. Alisema ni ukoma. Alisema unatibika. Dawa ni za mwaka mmoja, hazilipiwi, na akishaanza kuzimeza hawezi kumwambukiza mtu. Hisia iliyopotea mikononi huenda isirudi, kwa hiyo ajifunze kuitunza mikono kwa macho. Kisha akanigeukia mimi.

"Mzee, umesikia? Kula naye, lala naye, mkae kama mlivyokuwa mkikaa."

"Ndiyo, daktari."

Nilisema ndiyo kwa moyo wote. Shida ni kwamba kilichokubali kilikuwa kichwa tu. Mwili haukuwa umekubali, na sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kuishi mbali hivyo.

Wiki ile ile nilianza kulalamika mgongo. Nikasema kitanda kimelegea. Halafu nikasema kuna wezi wanaonyemelea nyaya za mota ya kinu, nikabeba godoro la zamani nikaliweka kwenye stoo ya mahindi. Watoto wetu wote wawili wanafanya kazi Nairobi, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuniuliza. Nilinunua pia kikombe cha bati nikakitundika kwenye msumari kinuni, nikawa nakinywea chai huko. Mke wangu alileta chai kwenye chupa. Nilimwona akimeza vidonge vyake kila asubuhi, nikamhesabia siku, nikamkumbusha tarehe ya kwenda kwa muuguzi kuchukua pakiti ya mwezi mwingine. Mtu angetuona angesema, ona mume anavyomtunza mkewe.

Lakini nilikuwa situlii. Nilifungua kinu kabla ya mteja wa kwanza na kukifunga baada ya mtu wa mwisho. Nilikaza mikanda isiyolegea. Nikikaa, miguu ilitaka kusimama. Nikisimama, ilitaka kwenda. Niliteremka hadi bondeni kwenye miche yangu ya machungwa, nikafika, nikasahau kilichonipeleka, nikapanda tena.

Baada ya miezi michache zile dawa zilimgeuza rangi. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba ngozi ingekuwa nyeusi, kisha ingerudi. Mke wangu alikuwa wa rangi ya maji ya kunde. Sasa uso wake ukawa kama umepakwa masizi. Watu wakaanza kuuliza. Kisha wakaacha kuuliza, na hapo ndipo nilijua kwamba wamepata jibu mahali.

Wa kwanza kuja alikuwa kaka yangu mkubwa. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye mtaro wa shamba, fimbo kwapani, akazungumza akitazama ng'ambo.

"Ndugu yangu, si vibaya akirudi kwao kidogo. Mpaka ipoe."

"Kwao ni hapa."

"Una wajukuu watakaokuja hapa Desemba. Fikiria."

Nilimfukuza. Nilimtupia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake, na majirani wakasikia.

Wa pili alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake. Alileta mkungu wa ndizi na maneno laini. "Tumeona mama apumzike. Amepika miaka mingi." Tayari walikuwa wamemchagua mpishi mwingine. Hapo pia nilifoka. Siku ya soko nilimfuata mwenyekiti huyo hadi kwenye vikapu vya parachichi, nikamwuliza mbele ya watu wana haki gani ya kumwondoa mtu jikoni kwa ugonjwa unaotibiwa bure na serikali. Watu walikusanyika. Nilijua kusema siku hizo! Hata nilianza kupenda kidogo kuitwa yule mzee anayempigania mkewe.

Halafu pasta akahubiri juu ya Naamani, jemadari mwenye ukoma aliyeoga Yordani mara saba akapona. Alihubiri vizuri mpaka alipoanza kupaaza sauti. "Dhambi ni ukoma! Inakula vidole vyako, inakula pua yako, na hakuna atakayekukaribia! Wewe ni mkoma mbele za Bwana!" Benchi letu lilikuwa na nafasi upande wa kushoto na upande wa kulia, ingawa kanisa lilijaa. Shingo ziligeuka. Mke wangu alikaa wima mpaka sala ya mwisho. Alitoa sadaka yake, akaimba, akatoka. Mimi nilibaki kumngoja pasta mlangoni nikagombana naye mpaka wazee wa kanisa wakanishika mikono.

Jumanne iliyofuata niliamka nikamkuta amefunga mkoba. Pakiti za dawa zilikuwa juu kabisa, zimekunjwa ndani ya leso.

"Naenda Mwingi kwa dada," akasema.

"Kwa siku ngapi?"

"Kidogo."

Nilidhani anakimbia kanisa. Nilidhani anamkimbia kaka yangu. Nilimsindikiza hadi barabara ya Mombasa nikiendelea kumwambia nitakachowafanya watu hao wote, naye akawa anaitikia tu, mm, mm, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Hiyo kidogo ilifika wiki tatu. Nilipopiga simu dada yake ndiye aliyepokea. Hajambo, anakula, anameza dawa, yuko nje. Nyumba ilikuwa tupu sasa, na kitanda kilikuwa changu chote, na bado nilikuwa nikilala stoo. Hilo ndilo lililonishtua. Asubuhi moja nilijikuta nimebeba shuka kutoka nyumbani kupeleka stoo, nikasimama katikati ya uwanja. Ninamkwepa nani? Mwenyewe hayupo.

Nilimwachia jirani funguo za kinu nikaenda Mwingi.

Mtu wa milimani akifika Mwingi jua humpiga makofi. Malori ya kwenda Garissa yalikuwa yamepanga mstari, mbuzi wanapakiwa wakilia. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, aliolewa huko na mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu, na yeye mwenyewe alisilimu zamani. Nyumba yao iko nyuma ya maduka. Nilipiga hodi, nikasikia sauti ya mke wangu ikijibu karibu kutoka uani.

Alikuwa anapika. Alikuwa ameinamia sufuria, na mikononi amevaa mifuko minene iliyoshonwa kwa blanketi kuukuu, inayofika hadi kwenye viwiko. Aliponiona hakushtuka. Alipakua wali na nyama ya mbuzi kwenye sinia kubwa, shemeji akatandika mkeka. Mumewe alikuwa safarini Tseikuru kununua ng'ombe. Tulikuwa sisi watatu na binti zao wawili. Maji yakaletwa, tukanawa.

"Shemeji, karibu. Hapa kwetu tunakula sinia moja," akasema dada.

Wale binti wakaanza. Mke wangu akavua ile mifuko, akanawa, akatia mkono wake kwenye wali. Kile kiganja kilikuwa kimepona, kikaacha kovu linalong'aa. Na mimi mkono wangu ukabaki gotini. Niliuamuru. Haukwenda.

"Nimekula njiani," nikasema.

Dada aliacha kutafuna. Binti mmoja akamtazama mama yake.

"Muongo," akasema mke wangu, kwa upole kabisa. "Wewe tangu unioe hujawahi kula njiani."

Wakaendelea kula. Nilikaa pale nimenawa mikono, inakauka. Walipomaliza, dada akawaita binti zake waende dukani, wote watatu kwa pamoja, na nikajua anatupisha.

"Nimekuja kukuchukua," nikamwambia mke wangu. "Yule pasta nimeshamwambia. Na mwenyekiti, na kaka—"

"Baba watoto, nyamaza kwanza." Alikunja miguu kwenye mkeka. "Unajua ni kwa nini niliondoka?"

"Kwa sababu ya kanisa."

"Kanisa ni Jumapili. Kaka yako alikuja mara moja, hakurudi. Wewe nakaa na wewe kila siku."

"Mimi nimekutetea! Nimegombana na watu wote wa—"

"Umenitetea barabarani. Nyumbani umenihama."

Nikafungua mdomo kuhusu mgongo. Kuhusu wezi wa nyaya. Alinitazama tu.

"Kikombe chako cha bati kina mpini uliopinda," akasema. "Unafikiri sikukiona? Nilikuwa nikileta chai, ukiwa kwenye mashine, nakishusha nakiosha, nakirudisha kwenye msumari. Kila siku. Nilikuwa nangoja siku utakayoniambia, 'Naogopa.' Ungesema unaogopa ningekuelewa. Hata mimi niliogopa. Lakini wewe ulienda kuwapigia kelele watu wengine kwa kitu unachokifanya wewe."

Nilisimama nikazunguka ule uwanja, nikafika kwenye ukuta, nikarudi, nikaenda tena. Hakunizuia. Mwishowe nilisema, "Naogopa." Sauti ilitoka ndogo. "Daktari alisema, na nikasikia, na naamini. Na bado naogopa. Mkono hautaki."

"Basi," akasema. "Sasa tumeanza kuongea."

Wali uliobaki ulikuwa umefunikwa kwa kawa. Niliufunua mwenyewe. Ulikuwa umepoa, mafuta yamegandia. Nilikaa, nikala upande mmoja, naye akaja akala upande wa pili, ingawa alikuwa ameshiba, na akanisogezea kipande cha nyama kama afanyavyo mwenyeji. Natamani niseme kwamba hofu ilitoka siku hiyo. Haikutoka. Nilimeza tu. Alipoona namtazama kama mtoto anayengoja kusifiwa, akacheka.

"Umekula wali, mzee. Hujapanda Mlima Kenya."

Alikubali kurudi, lakini alinipa sharti. Mambo yake atayasema mwenyewe. Nisimsemee tena isipokuwa ameniomba. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko sinia.

Tuliporudi nilibeba godoro kutoka stoo. Kisha akanipeleka kwa muuguzi, kwa sababu muuguzi alikuwa ameniita mara mbili nikapimwe, na mara mbili nikapata kazi ya ghafla. Nilivua shati mbele ya dirisha, muuguzi akanikagua mgongo, mikono, masikio, akanigusa kwa pamba. Nilihisi kila mguso na nikaona aibu kwa kufurahi. Sikuwa na kitu.

Kwa pasta alikwenda mwenyewe. Niliambiwa nikae kwenye benchi la nje. Kukaa sikuweza, nilitembea kutoka tangi la maji hadi mlangoni, na kila nikifika mlangoni nilisikia kipande.

"...Naamani hubiri, yumo kwenye Biblia. Lakini usiseme dhambi ni ukoma. Mimi sikuiba, pasta. Niliugua."

Nikaenda tangini, nikarudi.

"...na hilo neno mkoma. Mtu mwenye malaria unamwita nani? Una jina langu kwenye kitabu cha washirika. Miaka mingi liko hapo."

Kisha nikasikia sauti ya pasta, ya chini, isiyo ya mimbarini. "Mama, sikufikiri."

Hakuomba msamaha mbele ya kanisa, na kwa muda nilimchukia kwa hilo. Lakini wiki chache baadaye alimkaribisha muuguzi azungumze baada ya ibada. Muuguzi akaeleza kuhusu mabaka yasiyo na hisia, kuhusu dawa, kuhusu kwamba anayemeza dawa haambukizi. Watu wawili walikwenda zahanati wiki hiyo kuonyesha mabaka yao. Yalikuwa choa, lakini walikwenda.

Jikoni hakuomba ruhusa. Siku ya mchango wa paa la kanisa alifika asubuhi na sufuria yake, mahindi yake na ile mifuko ya blanketi. Mwenyekiti akamwambia taratibu, "Mama, si tulikubaliana upumzike?"

"Mlikubaliana. Nionyesheni kwenye katiba ya kikundi panaposema mtu aliyeugua hapiki."

Hapakuwa na mahali kama hapo. Katiba ile mke wangu alikuwa mmoja wa walioitunga. Wakamwambia basi, amenye vitunguu.

"Sikuja kumenya vitunguu."

Akapanga mafiga yake, akapika. Wakati wa kula foleni ilipita mbele yake ikaenda kwa sufuria nyingine. Wengine walisimama kwake, wengine walichukua kijiko kimoja kwa heshima wakaenda kukimwaga nyuma ya kanisa. Nilimwona mmoja na nikauma ulimi mpaka ukauma kweli. Sufuria ilirudi nyumbani ikiwa nusu. Nilitaka kujua amejisikiaje. Alisema, "Nusu," akaenda kuifua mifuko.

Lililofuata halikuwa la utukufu. Kwenye matanga ya mzee mmoja wa bondeni, mpishi mpya aliunguza wali. Uliungua kabisa, moshi ukafika kwenye hema, na watu walikuwa wametoka kuzika wana njaa. Muthokoi aliokuja nao mke wangu ulikuwa pale. Ukaisha. Walikula tu, wakakwangua. Tangu siku hiyo huitwa tena, si kila mahali, ila huitwa. Mwenyekiti ndiye anayempigia simu, na hujifanya kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Mke wangu humwacha ajifanye.

Dawa alizimaliza mwaka jana. Rangi yake inarudi polepole, kuanzia mashavuni. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimeanza kupinda, na nyayo zimepoteza hisia kidogo, kwa hiyo kila jioni analoweka miguu kwenye beseni, kisha mimi nakagua nyayo asizoweza kuziona vizuri, nikitafuta mwiba au mkwaruzo, halafu nampaka mafuta. Mara ya kwanza nilifanya kazi hiyo kwa haraka, kama mtu anayefuta meza. Siku hizi nakawia. Mara moja nilichomoa mwiba wa mgunga mrefu kama njiti ya kiberiti, na yeye alikuwa akinisimulia habari za sokoni, hata hakukatiza hadithi.

Mwezi uliopita kaka yangu aliozesha binti yake. Kadi ya mwaliko ililetwa ikiwa na jina langu peke yake. Niliirusha mezani.

"Hatuendi."

"Wewe usiende," akasema mke wangu. "Mimi yule mtoto nilimbeba mgongoni."

Alivaa gauni lake la zambarau na kitambaa cha kichwa. Tukaenda. Kaka yangu alikuwa amesimama langoni akipokea wageni kwa mkono. Alinisalimia. Mke wangu akamnyooshea mkono wake, vidole viwili vimepinda, akangoja. Kaka yangu alitazama huku na huku, watu walikuwa nyuma yetu, foleni imesimama. Mwishowe akamtolea kifundo cha mkono, kama mtu mwenye mafuta vidoleni.

"Samahani mama, nilikuwa nashika nyama," akasema.

Nyama ilikuwa bado haijatoka kwenye moto. Mke wangu alikishika kile kifundo, akakitikisa vizuri, akamwuliza hali, akamwuliza bibi harusi yuko wapi, kisha akaingia. Baadaye, tulipokuwa tukishuka njia ya miguu kurudi nyumbani, alicheka mpaka akashika mti. Mimi sikucheka. Nilitaka kurudi kule nikamwambie neno moja tu kaka yangu. Aliniona nimesimama, akanishika mkono wa shati, akanivuta tukaendelea kushuka.